Mustang, L-39 au Starfighter: ndege za kivita za zamani zinakutega wapi, na ipi uanze nayo

Swali hili linarudi kila mara kwa vijana wa huku Mbeya wanaosomea urubani na kwa wenzetu wanaorusha simuleta usiku pale Mbalizi: una leseni yako, umezoea Cessna 172 au Caravan, umepata nafasi au mdhamini wa kwenda Afrika Kusini, Uingereza au Marekani kujifunza ndege ya kivita ya zamani, sasa uanze na ipi? Jibu langu fupi ni hili. Kama unaenda kama abiria wa kulipia, chukua propela ya viti viwili. Kama wewe ndo rubani na umelelewa kwenye ndege ya gurudumu la mbele, anza na jeti ya mazoezi kama L-39, Mustang baadaye. Zile jeti za kasi za mbawa fupi, F-104 Starfighter na wenzake, zirushe kwenye simuleta mpaka uchoke.

Sababu ni kwamba kumwambia mtu "ndege za zamani ni hatari" hakumsaidii kuchagua chochote. Zote ni hatari, ila hatari ya kila moja imekaa sehemu yake ya safari, na ukijua imekaa wapi unaweza kujiuliza kama hiyo sehemu ndo wewe uko vizuri au ndo unayumba.

Tuanze na propela za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Mustang ya Marekani na Spitfire ya Uingereza na zile za enzi zao. Hizi karibu zote zina matairi mawili mbele na kijigurudumu kidogo mkiani, na uzito wa ndege umekaa nyuma ya yale matairi mawili. Hapo ndo kesi yote ilipo. Fikiria mkokoteni wa pale Mwanjelwa, ukiuvuta unakufuata wenyewe, ila ukiusukuma kwa nyuma una mzigo kidogo tu ukienda pembeni unataka kugeuka wote. Ndege ya mkia chini ikishagusa lami iko hivyo hivyo, pua ikienda kushoto kidogo uzito wa nyuma unasukuma uzidi kwenda, na usipowahi na miguu kwenye pedali ndani ya sekunde moja mbili inazunguka, bawa linakwangua lami, mguu wa tairi unakunjika, propela inapiga chini na injini imeharibika hapo hapo. Cessna ya gurudumu la mbele uzito uko mbele ya matairi makubwa kwahiyo ikiyumba inajinyoosha yenyewe, na ndo maana rubani aliyeizoea anaweza kuwa na miguu mivivu miaka yote na asijue kama ana tatizo.

Ongezea na injini. Merlin, injini ya P-51D, yaani Mustang yenyewe, ina silinda 12 na karibu nguvu farasi 1,500, na ukiwa umekaa ndani propela unaiona inazunguka kulia, kwahiyo ndege inataka kwenda kushoto muda wote ukiongeza moto, yaani nguvu ya injini. Wakati wa kupaa unalijua hilo, umeshaweka trimu ya mkia, kile kipande cha kusawazisha usukani, kulia, umejiandaa. Kinachoua ni pale umekuja kutua, umekuja vibaya, umedunda, mwendo umeisha, halafu unaamua kupaa tena na unasukuma mkono wa nguvu wote kwa mpigo mmoja. Kwenye mwendo mdogo usukani wa mkiani na mbawa havina nguvu ya kuishinda ile injini, ndege inabingirika kushoto na kulala chali juu ya ranwei. Wanaofundisha Mustang wanalirudia hili mpaka linakera: ongeza polepole, shika miguu, kubali kudunda mara ya pili kuliko kuvuta moto wote. Na angalia, Spitfire za mwisho zenye injini ya Griffon propela yake inazunguka upande wa pili, kwahiyo zinavuta kulia, na mtu aliyezoea Merlin mguu wake wa mazoea ndo huo huo unaompeleka nje ya lami.

Halafu huoni mbele. Ukiwa chini, pua ya Spitfire imeziba ranwei yote, ndo maana wanakuja kutua kwa kona, wanazunguka mpaka dakika ya mwisho ili waione lami kwa pembeni, wananyoosha karibu na ukingo. Miguu ya matairi ya Spitfire imekaa karibu karibu pia, upepo wa pembeni unaisumbua. Ya Mustang imepanuka zaidi na hapo Mustang ni rafiki kidogo. Kuna kitu kwenye Mustang nakipenda sana: ukivuta stiki, yaani usukani wa mkononi, nyuma, gurudumu la mkia linafungwa na linageuka nyuzi 6 tu kila upande, ukisukuma stiki mbele kabisa linaachia. Kwahiyo mtu aliyetua vizuri, akalegeza stiki mapema kwa kuridhika, amejifungulia mkia mwenyewe akiwa bado ana mwendo. Kutua na ndege hii hakujaisha mpaka umesimama.

Marekani walikuwa na nyingine, F4U Corsair, ambayo bawa la kushoto lilikuwa linaacha kubeba kabla ya la kulia ikiwa kwenye mwendo wa kutua, ikaua vijana wengi mpaka ikapewa jina la muuaji wa maofisa wapya. Dawa yake ilikuja kuwa kipande kidogo kilichobandikwa mbele ya bawa la kulia ili nalo liache kubeba mapema, yaani walilipunguzia ubora bawa zuri ili yaende sawa!

Sasa uzuri wa propela, na huu ni mkubwa. Inatua polepole. Mustang inakuja kwa kama kilomita 190 kwa saa, na ikigusa imeshapungua. Nguvu ya kishindo inakua kwa mraba wa mwendo, ukigonga kitu kwa mwendo mara mbili umepigwa mara nne, kwahiyo injini ikizima na ikabidi uilaze kwenye majaruba ya Usangu, wa Mustang ana nafasi ya kutoka akitembea ambayo wa jeti ya kasi hana. Ila lile tundu la rejeta chini ya tumbo likikuta maji mengi linachota, kwahiyo ziwani usiende. Kingine, hofu ya propela unaweza kuifanyia mazoezi kwa hela ndogo. Kuna Harvard, ile wanayoiita pia T-6, ilitengenezwa kufundishia watu waende kwenye hizi kubwa, ina mkia chini, inazunguka kwa hasira ukiizembea, na mtu aliyeimudu kwa upepo wa pembeni anaingia Mustang akiwa na miguu.

Jeti za zamani za mazoezi ni mambo mengine kabisa. Gurudumu la mbele lipo, unaona mbele, hamna propela ya kukuvuta pembeni, ukigusa lami inanyooka. Rubani wa Caravan akikaa kwenye L-39 Albatros ya Czech, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1968, atahisi yuko nyumbani na hapo ndo anapotegwa. Injini za jeti za zamani zinachelewa kuitikia. Ya L-39 kutoka kwenye moto mdogo kabisa mpaka nguvu zote inachukua kama sekunde 10. Kwa mwendo wa kilomita 230 kwa saa sekunde 10 ni zaidi ya mita 600, kwahiyo umeshuka chini ya njia yako, umeona lami inakimbia mbele, umesukuma mkono, na ndege inaendelea kushuka huku injini inapanda polepole, na ardhi ikija kabla ya nguvu hamna cha kufanya. Ndo maana kwenye jeti uamuzi wa kutua unafanywa mbali: moto hauurudishi chini kabisa, unabaki juu kidogo huku flapsi, vile vipande vinavyoshushwa nyuma ya bawa, na breki za hewa zikikuzuia, mwendo unautimiza kabla ya kona ya mwisho, na namba zikikataa unaondoka mapema bila kubishana na ndege. Mtu mwenye nidhamu ya namba anaishi humo vizuri. Mtu wa "ntarekebisha mbele kwa mbele", huyo kwenye propela alikuwa anaponyeka, kwenye jeti haponyeki.

Lakini usichukue kila jeti nyepesi ukadhani ni L-39. Gloster Meteor ya Uingereza ina injini mbili zilizokaa mbali na tumbo, moja ikizima kwenye mwendo mdogo ile nyingine inaisukuma ndege pembeni kwa nguvu ambayo mguu wa mtu hauwezi kuizuia. Jeshi la anga la Uingereza lilipoteza Meteor karibu 890 na marubani wapatao 450, na wengi waliondoka wakiwa mazoezini, wakiwemo wale ambao injini ilizimwa makusudi ili wajifunze kutua na moja. Ina tabia nyingine mbaya zaidi kwa mtu anayekuja kutua: ukiwa umetoa breki za hewa, mwendo umepungua, halafu ukashusha magurudumu bila kurudisha zile breki, ndege inayumba pembeni, mkia unakosa hewa safi, pua inaanguka na kwenye kimo cha kutua hamna nafasi ya kuinua tena. Coventry, Mei 1988, Meteor ya maonyesho ilianguka na kuua rubani kwa namna inayofanana sana na hiyo. Vitu viwili halali kabisa, breki na magurudumu, ila kwa mpangilio mbaya. Ukiambiwa jeti fulani "ni rahisi tu", uliza kwanza mpangilio wa kushusha vitu ukoje na ukikosea kinatokea nini.

Za mbawa zilizolala nyuma na za mbawa fupi ntapita haraka maana ushauri wangu ni mmoja. F-104 Starfighter inatua kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na ili itue hata kwa huo mwendo inahitaji hewa ya moto inayotolewa na injini ipulizwe juu ya flapsi. Maana yake injini ikizima wakati wa kutua umepoteza nguvu na umepoteza bawa kwa wakati mmoja. Ujerumani Magharibi ilinunua 916, ikapoteza 292 na marubani 116. MiG-21 nayo, ambayo nakala yake ya Kichina jeshi letu linaijua vizuri, India waliirusha toka 1963 mpaka Septemba 2025 na raia wakaiita jeneza linaloruka, na kutua kwake ni kwa kasi hizo hizo.

Kilichotokea Edwards, California, tarehe 10 Januari 1956 ningependa kila anayezitamani akielewe. F-100, jeti ya kivita ya Marekani, ilikuwa inakuja kutua na hitilafu kwenye mguu wa mbele, rubani akaja polepole, pua juu, na bawa lililolala nyuma likifika hapo linakuwa na tabia ya kinyume: ukipunguza mwendo upinzani wa hewa unaongezeka, kwahiyo unahitaji nguvu nyingi zaidi kwenda polepole kuliko kwenda haraka. Ncha za mbawa zikaacha kubeba kwanza, na kwa sababu ziko nyuma pua ikazidi kwenda juu yenyewe. Alipoongeza moto ndege ikasimama karibu wima juu ya ranwei, ikawa inayumba kushoto kulia, haipai na haitui, mpaka ikalala ubavu na kulipuka. Kamera zilikuwa pale kwahiyo tukio lote liko kwenye filamu, na marubani wa jeti wameonyeshwa kwa miaka mingi. Yule bwana hakuzembea, alikuwa anajaribu kuigusisha taratibu ndege yenye mguu mbovu kama yeyote kati yetu angefanya.

Sasa tuje nyumbani, maana haya yote yameandikwa na watu wa viwanja vya usawa wa bahari. Songwe iko kama mita 1,340 juu ya bahari, Nduli pale Iringa zaidi ya mita 1,400, na ule uwanja wa zamani wa Mbeya mjini ulikuwa juu zaidi ya hapo. Saa nane mchana, joto nyuzi 25, ndege pale Songwe inahisi kama iko mita 2,000 hivi. Kipimo cha mwendo ndani kinakuambia namba ile ile uliyofundishwa pwani, lakini mwendo wako halisi juu ya lami umezidi kwa kama asilimia 10, na sehemu ya kusimamia inaongezeka kwa zaidi ya moja ya tano. Mustang ya 190 inagusa kama ya 210, bado uko salama. Starfighter ya 320 inagusa kwa zaidi ya 350, matairi na breki za miaka ya 1950 zinabeba mzigo wote huo. Songwe ina lami ya zaidi ya kilomita tatu kwahiyo L-39 inakaa bila wasiwasi. Nduli ningeruka na Mustang, jeti yoyote ya zamani nisingeipeleka, na F-104 kule hata kwenye simuleta utaona mwenyewe lami inavyoisha.

Na kuna kitu watu wanakisahau: hewa nyepesi inaikaba jeti, haiikabi Merlin sana. Ile Merlin ya P-51D ina supachaja, yaani pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini, ya hatua mbili, ilitengenezwa kufanya kazi kwenye kimo kikubwa, kwahiyo kwenye kimo cha Songwe inatoa nguvu zake. Jeti ya zamani kwa hewa ile imepoteza kama asilimia 15 mpaka 18 ya msukumo, na ni ile ile ambayo tayari inachelewa kuitikia. Dogo mmoja anayerusha Caravan aliniandikia, "Shikamoo kaka, si ndo sababu ya mimi kwenda Mustang moja kwa moja?" Nikamjibu marahaba mdogo wangu, kwa kupaa uko sahihi kabisa, ila wewe hujawahi kutua na mkia chini hata siku moja, na upepo wa kiangazi wa huku unakuja pembeni. Pita Harvard kwanza.

Injini ikizima pia fikiria iko wapi. Juu ya Usangu una tambarare. Juu ya Mufindi ni misitu ya Sao Hill na mabonde ya chai, juu ya Rungwe ni mlima wa karibu mita 3,000 na migomba, hapo huna pa kuilaza. Wengi watasema jeti ina kiti cha kujirusha. Sawa, ila viti vya zamani vingi havifanyi kazi ukiwa umesimama, vinataka mwendo au kimo kwanza, baruti zake zina tarehe ya mwisho, na jeti nyingi za watu binafsi zinaruka viti vikiwa vimezimwa. Novemba 2009, Overberg, Afrika Kusini, jeti ya Lightning ya viti viwili ilipata hitilafu ya haidroliki kwenye maonyesho, rubani akataka kutoka, mfumo wa kumtoa ukagoma, akafa. Kiti kisichokaguliwa ni uzito tu umeukalia.

Kuhusu umri wa vyuma, propela na jeti wako sawa kwa kiasi kikubwa. Reno, Nevada, Septemba 2011, Mustang ya mashindano iliua watu 11 pamoja na rubani wake, na uchunguzi ulishuka mpaka kwenye nati za kujikaza zilizochakaa kwenye kipande kidogo cha trimu pale mkiani. Ndani ya nati hizo kuna kitu kinachoshika skrubu isilegee, kilikuwa kimeisha, skrubu zikalegea, kile kipande kikaanza kutetema kwa kasi kubwa mpaka kikavunjika. Nati yenyewe unaishika kwa vidole viwili.

La mwisho la kupima ni watu wa chini, na hapa naiondolea jeti alama nyingi. Sacramento, tarehe 24 Septemba 1972, jeti ya zamani aina ya Sabre ilishindwa kupaa kwa sababu rubani, ambaye alikuwa na saa chache sana kwenye aina hiyo, aliinua pua kupita kiasi, ikavuka barabara na kuingia kwenye duka la aiskrimu, watu 22 wakafa, 12 kati yao watoto. Shoreham, Uingereza, tarehe 22 Agosti 2015, jeti aina ya Hawker Hunter iliingia kwenye mzunguko wa kwenda juu ikiwa na mwendo mdogo, ikafika kama futi 2,700 kileleni badala ya 3,500, rubani akaendelea na mzunguko, ikaangukia barabara kuu na kuua watu 11. Wachunguzi waliona inawezekana alikumbuka namba za ndege nyingine aliyokuwa anairusha pia. Hili linaweza kumkuta mtu yeyote mwenye aina mbili kichwani. Ndo maana nawaambia vijana msichanganye L-39 na Mustang msimu mmoja, na ndo maana nafurahi kile kiwanja cha Mbeya mjini kilichobanwa na nyumba hakitumiki tena, maana ndege hizi zikikosea zinahitaji shamba tupu mwishoni mwa lami.

Kwahiyo kabla hujatuma hela popote, muulize mwalimu hivi: ana saa ngapi kwenye aina hiyo hiyo, siyo kwenye "ndege za kivita" kwa jumla. Ndege imeruka mara ngapi mwaka huu, maana iliyokaa bandani miezi 10 mihuri yake imekauka na sitaipanda hata bure. Kama ni jeti, baruti za viti zina tarehe gani, na wakikujibu kwamba vimezimwa, basi akuonyeshe mpango wa injini ikizima ukiwa kona ya mwisho. Kama ni Mustang, mwambie unataka kutua kwa upepo wa pembeni kwenye Harvard mpaka yeye mwenyewe atakapoondoa miguu yake kwenye pedali, na kama anataka kuiruka hiyo hatua ili uanze haraka, tafuta mwalimu mwingine.